Video za kufundisha matumizi ya simu: lini picha itembee, lini itulie

Siku hizi mafunzo mengi ya simu hayatolewi kwa mdomo peke yake. Mtu akitaka kujua namna ya kutoa pesa kwa wakala, kununua umeme au kuangalia kama laini yake imesajiliwa vizuri, anatumiwa video fupi kwenye kundi la WhatsApp. Video hizo zinafika Ndalambo kama zinavyofika Tunduma, Mlowo na Vwawa, kupitia makundi ya vikoba, ya wazazi wa shule, ya vyama vya ushirika na ya kwaya.

Nyingi zimetengenezwa kwa nia njema. Hata hivyo malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara ni mawili. La kwanza, video inakwenda mbio. La pili, vitu vinarukaruka kwenye kioo mpaka mtazamaji hajui atazame wapi: maandishi yanazunguka, nyota zinameta, picha inaingia kutoka kushoto na kutokea kulia.

Tatizo hili ni zaidi ya suala la urembo. Mama ambaye hakuelewa video atampa kijana simu yake pamoja na namba ya siri ili amsaidie. Baba aliyebonyeza chaguo lisilo lake anaweza kutuma pesa ya mbolea kwa mtu asiyemjua. Somo la dakika mbili likitengenezwa vizuri linamwezesha mtu kufanya mambo yake mwenyewe, na namba yake ya siri ikabaki kuwa siri.

Katika makala hii tunaeleza jinsi video hizi zinavyotengenezwa kwa slaidi, jinsi ya kuzitia mwendo, yaani animesheni, na wakati gani mwendo huo unasaidia au unaharibu. Tunawaandikia walimu, vijana wa vibanda vya simu, makatibu wa vikundi na yeyote mwenye kompyuta au simu janja anayetaka kuwafundisha wenzake. Mwishoni tuna neno pia kwa wale wanaotazama tu.

Video ya slaidi ni kitu gani?

Kuna njia mbili za kuonyesha kwa video jinsi menyu au programu inavyotumika. Ya kwanza ni kurekodi kioo cha simu moja kwa moja wakati unaitumia. Ya pili ni kupiga picha ya kioo, ambayo wengi wanaiita skrinshoti, katika kila hatua. Kila picha unaiweka kwenye slaidi yake, kisha unaongeza juu yake mishale, miduara na sauti. Mwisho slaidi zote zinaunganishwa kuwa video moja.

Njia hii ya pili si mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na programu ya kompyuta iitwayo RoboDemo. Ilipiga picha ya skrini kila mtumiaji alipobonyeza kitu, ikaifanya kila picha kuwa slaidi, halafu yenyewe ikachora mshale wa mausi unaosafiri kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kampuni ya Macromedia iliinunua mwaka 2003 na baadaye ikaiita Captivate. Adobe ilipoinunua Macromedia mwaka 2005, jina likawa Adobe Captivate.

Kwa hiyo mshale ambao mtazamaji aliuona ukitembea kwenye video zile haukuwa mkono wa mtu. Ulikuwa animesheni iliyowekwa juu ya picha iliyotulia. Leo watu wengi wanafanya kazi hiyohiyo kwa PowerPoint, ambayo tangu toleo la 2010 inaweza kugeuza slaidi kuwa video. Asiye na kompyuta anaweza kutumia programu za kuhariri video kwenye simu, kama CapCut, kwa kupanga skrinshoti zake na kuweka mishale juu yake.

Kwa mazingira yetu slaidi zina faida tatu. Kwanza, kampuni ya simu ikibadilisha menyu, unabadilisha slaidi moja tu na kuacha nyingine. Pili, unachagua kila kinachoonekana: ukirekodi kioo moja kwa moja, meseji ya mtu inaweza kuingia katikati na kusomwa na kundi zima. Tatu, wewe ndiye unayeamua kila hatua ikae muda gani, tofauti na kurekodi, ambapo mwendo unafuata kasi ya vidole vyako vilivyozoea.

Jicho linafuata kinachotembea

Ukiwa shambani na majani yakitikisika upande mmoja, jicho lako linakwenda huko kabla hujaamua kutazama. Ndivyo tulivyoumbwa. Kwenye kioo cha simu ni vilevile: kitu kinachotembea kinaliita jicho. Kikitembea kimoja, jicho linakwenda kwake. Vikitembea vitatu kwa pamoja, jicho linahangaika, na wakati linahangaika sauti inaendelea kusema na somo linapita.

Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2002 Barbara Tversky, Julie Morrison na Mireille Bétrancourt walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizolinganisha picha zinazotembea na picha zilizotulia katika kufundisha. Waliona kwamba animesheni mara nyingi haikushinda picha iliyotulia iliyochorwa vizuri. Sababu moja waliyoitaja ni hii tunayolalamikiwa: animesheni nyingi zinakwenda haraka mno au zina mambo mengi mno, na macho hayawezi kushika yote.

Mtafiti mwingine, Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha pamoja. Mambo manne katika kazi yake yanatufaa hapa. Muonyeshe mtazamaji wazi sehemu ya kutazama. Ondoa kila kisichohusu somo. Gawanya somo katika vipande vidogo. Na pale picha inapokuwa na kazi, maelezo yasikike kwa sauti badala ya kuandikwa juu yake, kwa sababu jicho haliwezi kusoma na kutazama kwa wakati mmoja.

Kanuni inayotoka hapo ni nyepesi kuikumbuka: katika kila slaidi kitembee kitu kimoja tu, nacho kiwe kile ambacho mtazamaji anatakiwa kukibonyeza au kukisoma.

Mifano ya karibu na kwetu

Tanzania si wageni wa animesheni za kufundisha. Ubongo, taasisi ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2013, ndiyo inayotengeneza katuni za Ubongo Kids na za Akili and Me, ambazo watoto wengi wanajifunzia hesabu, herufi na kuhesabu.

Mfano wa pili unawahusu wakulima. Mpango uitwao SAWBO, ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, hutengeneza katuni fupi za kilimo na afya ambazo mtu anaweza kuziweka kwenye simu na kuwaonyesha wengine hata pasipo na mtandao. Picha ni zilezile, ila sauti hubadilishwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Kaskazini mwa Msumbiji katuni ya namna hiyo ilitumika kuwafundisha wakulima kuhifadhi maharage kwenye madumu yaliyozibwa yasiingize hewa.

Kwetu jambo hili lina maana kubwa. Ukiacha slaidi zako na maandishi machache na kuweka maelezo kwenye sauti, somo lilelile unaweza kulirekodi kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwanga kwa ajili ya bibi na babu, bila kugusa picha hata moja.

Somo la mfano: kuhakiki laini zako

Tuchukue somo moja tulitengeneze pamoja. Tumechagua *106#, namba ya kuhakiki usajili wa laini, kwa sababu haihitaji namba ya siri wala haigusi pesa, na inafanya kazi hata kwenye simu ya kitochi.

Sababu ya kuijua ni hii. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa njia hiyo zilianza kuzimwa. Tangu hapo laini inafungamana na namba yako ya NIDA. Mtu mwingine akisajili laini kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, akaitumia kutapeli, jina litakaloonekana ni lako. Kwa *106# unaweza kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kabla ya kufungua kompyuta, chukua karatasi na kalamu. Chora vyumba vinane, kila chumba ni slaidi moja. Chini ya kila chumba andika mambo mawili: sauti itasema nini, na kitu gani kitatembea. Chumba ambacho hakina cha kutembea, andika "itulie".

Slaidi ya 1. Kichwa cha somo: "Hakiki laini zako kwa *106#", na tarehe ya kutengenezwa. Itulie. Sauti inaeleza kwa nini somo hili ni muhimu.

Slaidi ya 2. Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza: simu yenye laini, na namba ya NIDA iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa namba hiyo ina tarakimu 20 na wachache wanaikumbuka kichwani. Picha ya simu itokee kwanza, sauti ikiitaja. Picha ya karatasi ifuate ikitajwa.

Slaidi ya 3. Picha ya vitufe vya simu. Duara jekundu litokee kwenye nyota, lihamie kwenye 1, kisha 0, kisha 6, mwisho kwenye alama ya reli. Hapa mwendo una kazi, maana unafundisha mpangilio. Sauti itaje kila kitufe duara linapokifikia.

Slaidi ya 4. Namba yote ikiwa imeandikwa kwenye kioo. Duara lizunguke kitufe cha kupiga, basi.

Slaidi ya 5. Menyu imetokea. Itulie kabisa kwa sekunde tatu ili mtazamaji aisome. Ndipo mstari wa chaguo la kuhakiki usajili uwekewe rangi. Menyu zinaweza kutofautiana kidogo, kwa hiyo piga skrinshoti za laini ambayo wengi katika kundi lako wanaitumia.

Slaidi ya 6. Sehemu ya kuandika chaguo, au namba ya NIDA pale inapoombwa. Mshale uielekeze sehemu hiyo. Tarakimu zilizoandikwa ziwe zimefunikwa; tutaeleza namna.

Slaidi ya 7. Jibu. Itulie. Sauti ieleze jinsi ya kulisoma, na la kufanya ukikuta namba usiyoitambua: nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni ya simu husika, uombe ifutwe.

Slaidi ya 8. Hatua zote zikiwa zimepangwa kwa namba, kwa maandishi makubwa. Itulie kwa sekunde kumi.

Slaidi hii ya mwisho ndiyo watengenezaji wengi wanaisahau, na kwa vijijini ndiyo muhimu kuliko zote. Mtu mwenye simu moja hawezi kutazama video na kupiga menyu kwa wakati mmoja. Lazima aitazame, aifunge, kisha afanye kwa kukumbuka. Na menyu za namna hii hazisubiri: ukikawia zinakatika, unaanza upya. Slaidi ya mwisho iliyotulia inampa nafasi ya kuipiga picha ya skrini au kuiandika kwenye daftari. Kwa sababu hiyohiyo, sauti imwambie mwanzoni: "Tazama mpaka mwisho kwanza, ndipo upige."

Aina nne za mwendo

Ukifungua sehemu ya animesheni kwenye PowerPoint utakuta majina mengi yanayoweza kukutia uvivu. Ukiyapanga, ni makundi manne tu.

Kundi la kwanza ni la kutokea: kitu hakipo, kisha kinaonekana. Kitumie kwa mishale, miduara na mistari ya maandishi inayotajwa mmoja baada ya mwingine. Chagua ule wa kutokea papo hapo au wa kujitokeza polepole. Achana na ile inayorukia kama mpira au kuzunguka kama pia.

Kundi la pili ni la kusisitiza: kitu tayari kipo, kinabadilika rangi au kinakua kidogo ili kionekane. Linafaa kwa mstari wa menyu unaotakiwa kuchaguliwa. Mara moja inatosha. Kitu kinachopepesa bila kukoma kinachosha macho, na baada ya sekunde chache mtu hakioni tena.

Kundi la tatu ni la kuondoka. Watu wengi hawalitumii, na hapo ndipo kioo kinapojaa. Mshale ukishamaliza kazi yake, uondoe kabla ya kuleta mwingine. Mishale mitatu iliyobaki kwenye slaidi moja ni sawa na watu watatu wanaokuelekeza njia kwa wakati mmoja.

Kundi la nne ni la kusafiri: kitu kinafuata njia uliyoichora. Ndiyo inayotumika kwa duara letu la slaidi ya 3, au kwa picha ya kidole kinachokwenda hadi kwenye kitufe. Ichore njia iliyonyooka. Kidole kinachopinda na kuzunguka kabla ya kufika kinamfanya mtazamaji afuate safari na kusahau kituo.

Kila animesheni pia unaiambia ianze lini: unapobonyeza, pamoja na iliyotangulia, au baada ya iliyotangulia. Ukiwa unafundisha ana kwa ana kwa projekta, ya kubonyeza inafaa, kwa sababu unasubiri uso wa mwanafunzi ukuambie kwamba ameelewa. Kwenye video hakuna wa kubonyeza, kwa hiyo weka "baada ya iliyotangulia", halafu panga sekunde za kusubiri.

Sauti kwanza, mwendo baadaye

Makosa mengi ya kasi yanatokana na kupanga mwendo kwanza na kurekodi sauti mwishoni. Sauti inalazimika kukimbizana na picha. Fanya kinyume chake. Rekodi maelezo ya kila slaidi peke yake, ukisema taratibu kama unayemwelekeza mgeni njia ya kufika kwa mwenyekiti wa kijiji. Halafu isikilize, na uuweke mwendo mahali neno linapotamkwa.

Mshale utokee pamoja na neno lake au nusu sekunde baada yake. Ukitokea mapema, mtu ameshaanza kujiuliza ni wa nini. Ukichelewa, ameshatazama pengine. Baada ya kila hatua acha ukimya wa sekunde mbili au tatu. Kwako wewe unayeijua menyu ukimya huo utaonekana mrefu, lakini kwa anayeiona mara ya kwanza ndio wakati wa kuelewa. Muziki chini ya maelezo uache, kwa sababu spika ya simu ndogo haiwezi kubeba vyote viwili.

Kifuniko kinachochelewa

Sasa tuzungumzie usalama, kwa sababu hapa animesheni inaweza kuleta hasara ya kweli.

Mtengenezaji anapiga skrinshoti zenye namba yake ya simu, salio, jina la aliyetumiwa pesa au namba ya NIDA. Anajua ni siri, kwa hiyo anaweka kiboksi cheusi juu yake. Lakini kiboksi hicho amekipa animesheni ya kutokea kama vitu vingine. Slaidi inapofunguka, namba inaonekana kwa nusu sekunde kabla ya kufunikwa. Nusu sekunde inamtosha mtu kusimamisha video na kuisoma.

Kosa la pili ni kutuma faili lenyewe la slaidi badala ya video. Kwenye faili la slaidi kiboksi ni kitu kilicholala juu ya picha. Yeyote anaweza kukisogeza na kuona kilichofunikwa.

Dawa ni moja kwa yote mawili: ifute siri kwenye picha yenyewe kabla ya kuiingiza kwenye slaidi. Fungua skrinshoti kwenye programu ya picha, paka rangi nzito isiyopitisha kitu juu ya namba, ihifadhi, ndipo uitumie. Ukungu usiutegemee sana, kwani maandishi yaliyotiwa ukungu mwepesi wakati mwingine yanasomeka.

Na namba ya siri isionekane wala isitajwe kwenye somo lolote, hata kama ni ya kubuni. Ukiweka 1234 kama mfano, wapo watakaodhani ndiyo ya kuandika, na wapo watakaoifanya kuwa yao. Onyesha nukta nne, kisha sauti iseme: "Hapa weka namba yako ya siri, na asiione mtu."

Isimalize bando

Wengi wetu tunanunua bando dogo, kwa hiyo uzito wa video ni sehemu ya somo. Kuna siri moja nzuri hapa. Kwa kiasi kikubwa video huhifadhi kile kilichobadilika kutoka picha moja hadi inayofuata. Slaidi iliyotulia, yenye mshale mmoja unaotokea, ina mabadiliko machache, kwa hiyo faili lake ni jepesi. Slaidi ambayo mandhari yake yote inateleza, inakuzwa au inapepesa ina mabadiliko kila mahali, na faili linakuwa zito. Mwendo mchache unamsaidia mwanafunzi, na pia unamwokolea bando.

Wakati wa kugeuza slaidi kuwa video, PowerPoint inakuuliza ukubwa. Jaribu ule mdogo wa 480p kwanza, uitazame kwenye simu. Kama maandishi hayasomeki, panda hadi 720p. Ni bora zaidi ukate skrinshoti ibaki sehemu inayohusika na kuikuza ijaze slaidi, kwa sababu mtazamaji wako anatazama kioo kisichozidi kiganja, pengine juani. Wasio na bando wanaweza kuwekewa video kwenye memori kadi, kwenye vibanda vilevile wanakowekewa nyimbo.

Ijaribu kwa mtu mmoja

Kabla ya kuirusha kwenye kundi, mtafute mtu mmoja ambaye hajawahi kufanya jambo hilo, awe mkubwa kwako kiumri. Mpe video aitazame, kisha mpe simu afanye. Wewe kaa kimya. Usimwonyeshe kwa kidole wala usiseme "hapo, hapo". Andika tu mahali alipokwama. Akikwama slaidi ya 5, slaidi ya 5 ndiyo yenye tatizo. Irekebishe, umpe mtu mwingine. Ukishajaribu kwa watu watatu utakuwa umejifunza mengi kuliko makala hii inavyoweza kukupa.

Kwa wanaotazama

Kama wewe ni mtazamaji, zingatia mambo matatu. Angalia tarehe ya video. Menyu za simu zinabadilika, na hata majina ya huduma yanabadilika, kama Tigo Pesa ilivyokuja kuitwa Mixx by Yas. Isimamishe na kuirudia bila aibu, hata mara tano. Na video yoyote inayokuambia umtumie mtu namba yako ya siri, au utume pesa kwanza ili ufunguliwe huduma, ni ya utapeli hata ikiwa imepambwa namna gani. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ambayo TCRA iliitenga kwa kazi hiyo.

Somo la simu likitengenezwa vizuri halina mbwembwe. Picha inatulia, mshale mmoja unatokea, sauti inasema taratibu, kisha mtu anajua la kufanya. Mwenye kikundi Ndalambo anaweza kuanza na *106# jioni ya leo, kwa karatasi, kalamu na vyumba vinane.